Mkono Uliochorwa na Bibi Mitungi

Nekesa wangu,

Umeenda kusukwa kwa Mama Chantal, na kwa vile umechagua zile rasta nyembamba kama uzi, najua sitakuona kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ndiyo maana nimeketi sasa hivi, mchana kweupe, kwenye meza ya jikoni, na begi lako kubwa limesimama mlangoni kama mgeni anayengoja kusindikizwa. Sitakuandikia habari za kula, kufua wala kuvaa koti. Hayo unayajua, na usiyoyajua baridi ya Ohio itakufundisha bila kukubembeleza.

Gaspa amepita hapa akaniona na kalamu. "Jamani mke wangu," akasema, "mbona umeishika kama unataka kumchoma nayo mtu?" Nikamwambia aende zake. Akaenda, akarudi na kikombe cha chai, akanibusu kisogoni, akaenda tena. Nekesa, wiki sita za ndoa na bado nikisikia funguo zake mlangoni moyo wangu unaruka kama wa msichana wa kidato cha pili! Akivua ile kofia ya kazi, ya kuendesha basi la hoteli kule Alexandria, karibu na Arlington, mimi hutamani kumpigia makofi. Najua unachoka nikianza. Juzi ulimwambia rafiki yako kwenye simu kwamba mama yako amegeuka sinema ya mapenzi. Nilikusikia. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta.

Lakini leo ninaandika kwa sababu ya ule ufunguo.

Jumamosi ulinionyesha bahasha iliyotoka kwa baba yako. Ndani mlikuwa na ufunguo na kikaratasi: chumba chako kiko tayari binti yangu, mabweni ya nini na nyumba ya baba yako iko dakika kumi kutoka chuoni. Uso wako uling'aa. Nikasema hapana. Ukauliza kwa nini. Nikasema, "Kwa sababu nimesema." Ukaniambia kwa Kiingereza chako cha haraka kwamba nina wivu, kwamba mimi nimeshapata mume na sasa sitaki wewe upate baba. Ukanipa mgongo. Nikakudaka kifundo cha mkono nikakuvuta.

Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Miguu yako iliteleza sakafuni, bega lako likagonga mlango wa friji. "Mum, unaniumiza," ukasema. Kwa Kiswahili, wewe ambaye tangu darasa la kwanza unanijibu kwa Kiingereza. Nikakuachilia. Alama za vidole vyangu zilibaki pale, nne juu na ya kidole gumba kwa chini.

Alama za namna hiyo nilikuwa nimeziona zamani, zimechorwa kwa penseli. Aliyezichora ni Bibi Mitungi. Mchoro huo nimeukunja ndani ya bahasha hii. Usiufungue bado. Nisome kwanza.

Jina la Bibi Mitungi ulimpa wewe ukiwa na miaka sita. Kwa watu wengine alikuwa Profesa, na mimi nilikuwa mhudumu wake. Nilimwogesha, nilimpikia uji, nilimpa dawa, katika ile nyumba ya matofali kule Arlington iliyonuka vitabu na asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Wewe ulimjua kama bibi wa peremende na kioo cha kukuzia, aliyekuonyesha kwamba kigae cha mtungi wa kale, kidogo kama ukucha, kinaweza kuwa na jicho la farasi. Mimi nilipewa hadithi zile nyingine, nikimchana nywele.

Alizaliwa kwenye mji wa wachimba makaa ya mawe, huko milimani West Virginia. Baba yake alitaka awe karani. Yeye akajifunza Kigiriki cha kale kwa padri mmoja mzee, akapata nafasi ya chuo, na alipokuwa na miaka ishirini na tatu alikuwa Ugiriki, amepiga magoti ndani ya kaburi la watu waliokufa kabla ya Yesu kuzaliwa. Fuvu la kwanza alilolishika lilikuwa la kijana mdogo, na ncha ya mshale wa shaba ilikuwa bado imo ndani ya tundu la jicho. Aliniambia alilala na harufu ya ule udongo mikononi kwa wiki nzima hata baada ya kunawa.

Mkuu wa uchimbaji alikuwa mwanamume wa kusifiwa sana. Siku moja Profesa alimwambia mbele ya vibarua kwamba amesoma vibaya tabaka za udongo. Yule mkuu akampiga kofi lililomwangusha ndani ya shimo. Kesho yake Profesa alirudi kazini na shavu lililovimba, akaendelea kuchimba, hakumwambia mtu.

"Nilidhani ule ndio uimara," aliniambia. "Ulikuwa woga tu. Ulikuwa umevaa buti."

Baada ya hapo aliacha kuchimba akashika vigae. Miaka arobaini alifundisha na kuunganisha mitungi ya watu waliokwisha kufa. Nilipoanza kazi kwake niliogopa zile picha za mitungi zilizokuwa ukutani. Mtu anamchoma mwenzake mkuki shingoni. Mzee anauawa akiwa ameng'ang'ania madhabahu. Mtoto mchanga ameshikwa mguu, anataka kubamizwa. Nikamwuliza, "Profesa, hawa watu walikunywa divai kwenye vyombo kama hivi?"

"Kila jioni," akasema. "Tena na wageni."

Alikuwa na sheria moja ambayo hata wewe uliisikia mpaka ukaikariri. Kipande kikikosekana kwenye mtungi, jaza plasta, lakini iache plasta ionekane ni plasta. Usichore juu yake kitu ambacho hukukikuta. Na gundi iwe ya aina inayoyeyuka, ili atakayekuja kesho, mwenye macho mazuri kuliko yako, aweze kuifungua kazi yako na kukusahihisha.

Mtungi mmoja ulikuwa wake mwenyewe, aliachiwa na mwalimu wake. Unaukumbuka, ulikaa kwenye meza ya maktaba. Mwanamume mwenye chapeo na mkuki anamwongoza mwanamke, amemshika kifundo cha mkono. Mkono mwingine wa mwanamke umebeba ua. Profesa aliandika kitabu kizima kuhusu mtungi ule. Alisema ni harusi, kwa sababu Wagiriki wa zamani waliwachukua mabibi harusi hivyo, kwa kuwashika kifundo, na ua lilimaliza ubishi. Kitabu hicho ndicho kilichompa jina.

Siku moja ninapangusa vumbi, nikamwambia, "Profesa, huyu dada haendi harusini."

"Umejuaje?"

"Tazama visigino. Amevikita chini. Anayetaka kwenda hatembei hivyo."

Akacheka. "Umesomea wapi mitungi ya Kigiriki?"

"Kidato cha nne, Bungoma."

"Basi wachumba wa Bungoma hawana adabu," akasema, na sisi sote tukacheka. Kisha akatazama blauzi yangu ya mikono mirefu. Ilikuwa mwezi wa saba, ambao huku ni wa joto kali. Nikaivuta mikono ya blauzi mpaka viganjani, nikaendelea kupangusa.

Sasa, Nekesa, nakuja kwa baba yako.

Nilimpenda. Nisikudanganye hapo. Alikuwa na sauti nzuri, alicheza gitaa kanisani, na mimi nilikuwa msichana wa kupenda kuimbiwa. Mara ya kwanza alinipiga kwa sababu nilicheka kwenye simu. Akaninunulia viatu. Mara ya pili alitumia mkanda. Katika ile apatimenti ya kwanza ya Adelphi, karibu na University Boulevard, aliwahi kunishika nywele akagongesha kichwa changu kwenye mlango wa friji mpaka sumaku zako za herufi zikaanguka moja moja, nawe asubuhi ukaziokota ukazipanga upya. Jirani wa chini alisikia. Najua alisikia kwa sababu aliongeza sauti ya televisheni. Nami kila nilipopigwa nilifanya kazi moja: kuhakikisha wewe huoni.

Ikaja ile siku ya theluji, shule zikafungwa, nikakubeba nikaenda nawe kazini. Wewe ulikuwa juu unachora farasi. Simu yangu nilikuwa nimeisahau kwenye koti. Alipiga, sikushika. Alipiga tena na tena. Saa tano akaja mwenyewe, akapiga mlango kwa mguu. Nikafungua, kwa sababu nilihofia angeuvunja.

"Umemficha nani kwa hii nyumba?"

"Hakuna mtu. Ni nyanya mgonjwa tu, wewe mwenyewe unajua."

"Nyanya gani anakuzuia kushika simu? Toka! Toka nikuonyeshe!"

Akanishika kifundo cha mkono wa kushoto, kisha akabadilisha akashika cha kulia. Akaniburuta kutoka jikoni, kupitia maktaba, nikishika chochote nilichokipita: kiti, pazia, ukingo wa mlango. Hapo kwenye ukingo wa mlango niling'ang'ania. Akapinda mkono nilioshikwa mpaka nikasikia mfupa. Sauti yake ni kama kijiti kikavu, Nekesa, si kubwa hata kidogo.

Bibi Mitungi alikuwa na miaka sabini na minane. Aliinuka kwenye kiti chake na fimbo yake ya kutembelea. Akampiga nayo kichwani, pa! Damu ikamtoka baba yako juu ya jicho. "Mwache," akasema, kwa sauti ya mwalimu kabisa. Akampiga tena. Baba yako akamsukuma kwa mikono miwili. Akaanguka juu ya meza, meza ikapinduka, mtungi ukapasuka sakafuni, na yeye akaangukia vipande. Hakupiga kelele. Baba yako akatutazama, mimi nimeshika mkono wangu unaoning'inia, mzee wa watu chini kwenye damu na vigae. Akakimbia. Hakurudi siku ile, hakurudi tena. Wiki hiyo hiyo alikuwa Ohio.

Ukashuka ngazi. Ulisimama ngazi ya tatu kutoka chini, na kalamu ya rangi ya kahawia mkononi. Ukasema, "Nimesikia sauti ya Baba."

Nikasema, "Ni redio."

Ndilo kosa langu. Yote mengine ni matawi yake. Ulisikia vizuri, masikio yako yalikuwa mazima, nami nikakuambia ni redio. Ukatazama redio ile. Ilikuwa imezimwa. Ukanitazama mimi, ukachagua kuniamini mimi.

Nikasema Bibi ameteleza kwenye theluji iliyoingia mlangoni, nami nimeanguka nikimwinua. Nikamwinamia Profesa kabla gari la wagonjwa halijafika, nikamsihi sikioni. Nilimwambia polisi wakijua watanichukulia mtoto, watanirudisha nyumbani bila yeye. Sikujua kama ni kweli. Nilikuwa nimeambiwa hivyo na baba yako mara nyingi mno. Nyonga yake ilikuwa imevunjika, midomo imekuwa myeupe. Hospitalini nesi alimwuliza waziwazi, "Kuna mtu amekusukuma?" Mwanamke yule ambaye maisha yake yote alikataza watu kuchora kisichokuwepo akasema, "Niliteleza." Alisema kwa ajili yangu. Hakupanda ngazi tena mpaka kufa kwake. Vitabu vyake vya juu, niliviteremsha mimi kimoja kimoja.

Kesho yake, akiwa kitandani hospitalini, aliomba penseli na rula. "Weka mkono wako hapa," akaniambia. Wa kulia ulikuwa kwenye plasta, lakini wa kushoto nao baba yako alikuwa ameushika kwanza kabla ya kubadilisha. Akachora mkono wangu wa kushoto kama anavyochora mitungi yake. Alipima kila alama kwa milimita. Vidole vinne, kidole gumba. Pembeni akaandika tarehe, mahali, na nani alifanya. "Nimedanganya kwa mdomo," akasema. "Kwa mkono sidanganyi."

Sasa sikiliza yaliyoupata mtungi. Vigae tulivifagia na kuviweka ndani ya sanduku la viatu. Alipopona kidogo alimwita fundi wake wa mitungi. Fundi akavilowesha vile vipande kwenye asetoni ili gundi ya zamani itoke. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeshika beseni. Ua likaanza kuyeyuka. Likachuruzika jekundu ndani ya beseni kama damu ya samaki. Mtu fulani zamani, pengine mwuzaji aliyetaka mtungi wa kupendeza, alikuwa ameupaka rangi juu ya picha halisi. Chini ya ua zilikuwako ncha za vidole vitano, vimeshika ukingo wa mlango. Na pale chini, palipokuwa na rangi nyeusi tupu, ukatokea mkono wa mtu aliyelala sakafuni, kiganja juu. Mtu aliyeuawa. Mumewe labda, au baba yake.

Profesa alitazama kwa kioo chake muda mrefu. Kisha akalia kama mtoto. "Miaka arobaini nimewafundisha watu kwamba mwanamke huyu anaolewa," akasema. "Nawe uliniambia ukiwa na kitambaa cha vumbi."

Akaandika upya, Nekesa. Mzee wa karibu miaka themanini, hawezi kukaa bila mto, aliandika makala ya kuukanusha kitabu kilichompa jina. Wenzake walimcheka. Mmoja aliandika kwamba uzee umemfikia. Na ndani ya makala ile, kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, aliandika kwamba wa kwanza kuona visigino alikuwa mhudumu wake. Nina nakala. Nimeilalia chini ya mto usiku mwingi kuliko barua zozote za mapenzi.

Alipoituma tu akanigeukia. "Haya. Na wewe ua lako utalifuta lini?"

"Akikua," nikasema.

Ukakua. Sikufuta. Nikaongeza rangi. Ile saa ya waridi ya miaka saba, lile koti la buluu, kile kitabu cha picha za Wagiriki ulichokisoma mpaka jalada likatoka, vyote vilivyoandikwa "kutoka kwa Baba": nilivinunua mimi. Kadi niliandika kwa mkono wa kushoto ili usiutambue mwandiko wangu. Nilifikiri ninakupa baba. Mwaka jana ukamtafuta mwenyewe mtandaoni, ukamwandikia kumshukuru kwa koti, kwa kitabu, kwa kila Krismasi. Ulinisomea jibu lake ukiwa unalia kwa furaha. "Karibu sana binti yangu." Alipokea shukrani za vitu ambavyo hakuvijua. Hapo ningesema. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Bibi Mitungi alipofariki, wewe ulipata kioo chake, mimi nikapata bahasha hii. Nje ameandika: mpe kabla hajaenda mbali.

Inawezekana baba yako amebadilika. Sijamwona miaka kumi na miwili na sina haki ya kuchora nisichokijua, hata kwa upande wa ubaya. Sikuombi umchukie. Lakini kile chumba anachokupa, unakiendea ukimfuata mtu niliyemchora mimi. Huyo hayupo Ohio. Hayupo popote.

Na nimeona jambo la kunitisha zaidi Jumamosi: ule mshiko niliuhifadhi. Miaka yote hiyo nilidhani ulibaki kwenye mfupa wangu tu, kumbe ulikuwa kwenye vidole. Nisamehe. Siandiki neno hilo haraka.

Unajua nilipompenda Gaspa kabisa, kabisa? Si siku aliyonichumbia. Ni kanisani, mchungaji aliposema, "Mshike mkono mkeo." Wewe ulikuwa nyuma yangu umebeba maua. Gaspa alikitazama kifundo changu kilichopinda, ambacho nilikuwa nimemweleza habari zake. Akanyoosha mkono wake, kiganja juu, akangoja. Watu wakaanza kucheka. Shangazi mmoja akapaza sauti, "Bwana harusi, mchukue, hang'ati!" Naye hakusogea. Akangoja mpaka mimi mwenyewe nikaweka mkono wangu juu yake. Nekesa, nilikuwa na miaka arobaini na mitatu na nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kungojewa.

Kesho asubuhi Gaspa ataendesha, mimi nitakaa mbele, wewe nyuma na begi lako. Kitanda chako cha bwenini bado kipo, nilipiga simu jana nikauliza. Unaenda kusomea mambo ya kale, na nataka uanze na mtungi ulio wazi, hata kama una matundu. Ukitaka kumwona baba yako, mwone mezani, kwenye hoteli yenye watu, ukimjua. Umri wako ni wa kuamua, nami sitakuvuta tena.

Nawasikia kwenye ngazi, Gaspa alikuja kukuchukua. Gaspa anakuuliza kama hizo rasta zinauma, wewe unamjibu kwamba Mama Chantal anasuka kama anafunga mbuzi. Unacheka. Mungu wangu, unavyocheka.

Barua hii siiweki kwenye begi. Nitakupa sasa, kwa mkono wa kulia, huu uliopinda. Ukimaliza kusoma na kuutazama mchoro, utanikuta hapa hapa mezani. Mkono wangu wa kushoto utakuwa juu ya meza, kiganja juu. Ukitaka kuweka ufunguo ule ndani yake, weka. Usipotaka, ni wako.

Nitangoja.

Mama yako